UZI MREFU: Mombasa, anayeshika njia ya bara ndiye anayekula bandari

Wakuu, habari zenu.

Kila baada ya muda hapa jukwaani hufunguliwa uzi wa Dar na Mombasa: bandari ipi kubwa, ipi ina kina, ipi inashusha mzigo haraka. Watu wanarushiana tani na kontena mpaka wasimamizi wanafunga. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia Changamwe, na kwenye tani sina ubishi na mtu. Mwaka 2024 bandari yetu ilipitisha tani milioni 41.1, kutoka karibu milioni 36 mwaka uliotangulia, na kontena zikavuka milioni 2 kwa hesabu ya kontena za futi 20. Ni rekodi, na tunaifurahia.

Ila yapo maswali ambayo tani haziyajibu. Mji unaopitisha mzigo wote huo unakuwaje na vijana wengi kiasi hiki wanaoshinda maskani bila kazi? Na kwa nini mwaka 2019 Mombasa iliingia barabarani kupinga treni, ilhali meli zilikuwa zinakuja kama kawaida na hakuna gati lililofungwa?

Nalitanguliza jibu langu ili asiye na muda asisome mpaka chini. Bahari haijawahi kuamua nani anapata nini Mombasa. Meli zimekuja siku zote. Kinachobadilika ni njia ya kutoka pwani kwenda bara, na kila ilipobadilishwa mikono, mji ulibadilika tabaka zake zote: nani tajiri, nani kibarua, nani mwenye ardhi. Nitalionyesha hilo tangu zamani mpaka reli ya SGR, ile reli mpya ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Wenye hoja tofauti mnakaribishwa, tuzungumze kwa adabu.

Twende.

Kabla ya reli

Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi, chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka wanaletewa kutoka sehemu nyingine za mwambao. Akasifu misikiti yao ya mbao na ucha Mungu wao. Hilo la nafaka ndilo la kushika. Kisiwa kina maji ya kutia nanga pande mbili, hori la Tudor upande wa Mji wa Kale na Kilindini upande wa magharibi, lakini hakijawahi kujilisha. Tangu hapo uhai wake uko ng'ambo ya kivuko cha Makupa, kinachounganisha kisiwa na bara.

Wareno hawakulielewa hilo mapema. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, hakupokewa vizuri, akaenda zake Malindi. Almeida aliuchoma mji 1505, Nuno da Cunha akauchoma tena 1528. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, kazi ya mchoraji wao Mtaliano Cairati. Ngome ile hata leo ukisimama chini yake unaona kwamba aliyeijenga alimwogopa adui. Lakini angalia walivyoishi humo: ilibidi waweke vibanda vya ulinzi Makupa, na ilibidi wawape watu wa bara, hao tunaowaita leo Mijikenda, nguo kila mara ili njia isifungwe na chakula kisikatike. Dola lenye mizinga na merikebu lililipa ada kwa wakulima wa mtama. Njia ilikuwa yao.

Ya Sultani Yusuf bin Hasan kuwageukia Wareno 1631, ya mzingiro wa Waomani ulioanza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698, na ya Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa, kukatana na Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Unguja, kila moja inastahili uzi wake. Nazipita. Kwa mada hii itoshe kwamba Wamazrui walitawala kwa kuelewana na Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na kwamba Seyyid Said wa Unguja hakuupata mji mpaka 1837.

Biashara ya zama hizo ndiyo nataka tuitazame kwa makini. Kila kundi la Thenashara Taifa lilikuwa na jamaa zake wa Kimijikenda. Thelatha Taifa, wale Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, walielekea zaidi kusini kwa Wadigo; Tisa Taifa wakaelekea zaidi kaskazini. Huwezi kumrukia jamaa wa mwenzio ukaenda kununua kwake moja kwa moja. Pembe za ndovu, sandarusi, nta, ngozi na mtama zilishuka kutoka kaya, yaani vijiji vyenye ngome vya Mijikenda, zikapitia mkono wa jamaa, zikafika mjini. Nguo, shanga na nyaya za shaba zikapanda kwa njia hiyohiyo. Mwambao huohuo ulikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa, na hilo halifichiki. Sehemu ya nafaka iliyopakiwa majahazini ilitoka kwenye jasho lao.

Mbele zaidi ya Mijikenda walikuwa Wakamba. Kabla ya katikati ya karne ya 19 misafara yao ilikuwa inashuka na pembe mpaka karibu na pwani, na baadhi yao wakahamia jirani kabisa na Rabai, kwa Mijikenda nyuma ya Mombasa. Mfanyabiashara wao aliyesifika mno, Kivui Mwenda, ndiye aliyempokea mmishonari Krapf kwake Ukambani, na alikuwa safarini pamoja naye alipouawa mwaka 1851. Huyo hakuwa mpagazi wa mtu. Alikuwa mwenye njia, anayejua maji yako wapi na nani apewe nini ili msafara upite.

Kwa hiyo picha ni hii: kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba au Desemba, majahazi yanashuka kutoka Ghuba na Uhindi na tende, mazulia, vyombo na nguo. Kusi ikianza, Aprili hivi, yanarudi na pembe, boriti za mikoko na nafaka. Kati ya majahazi na yule mwindaji wa ndovu kule Ukambani kulikuwa na mikono mingi, na kila mkono ulibakisha kitu. Sisemi zama hizo zilikuwa za haki. Nasema tu pesa ilikuwa na vituo vingi.

Reli ilipofika

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandaza reli kutoka Mombasa. Waliletwa vibarua wa mkataba wapatao 32,000 kutoka Uhindi. Nairobi ilifikiwa 1899, na Desemba 1901 mataruma yakagusa ziwa pale Kisumu.

Watu wakisimulia reli hii husimulia simba wa Tsavo. Sawa, lakini hao simba waliua watu wachache ukilinganisha na kilichofuata kwenye riziki za watu wa pwani. Katika miaka mitano tu vituo vile vyote vilirukwa. Mkamba hakuhitajika tena kushusha mzigo. Mrabai hakuhitajika kupokea. Mwenyeji wa Mji wa Kale aliyekuwa akikopesha misafara hakuhitajika pia. Mzigo ulitoka behewani ukaingia melini, na nauli yake ikapangwa na wakubwa wa reli. Baadaye walowezi walipopata nguvu, nauli hizo zikapangwa ziwafae wao: mahindi yao ya bara yalisafirishwa kwa bei nafuu, na pengo likafidiwa na mizigo mingine.

Na reli haikwenda Bandari ya Kale. Ilikwenda Kilindini, kwenye maji marefu ambako meli za moshi zingeweza kukaa. Gati mbili za mwanzo za maji marefu zilifunguliwa 1926. Bandari ya Kale ikabaki na majahazi, na majahazi yakabaki na kilichobaki.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria, na mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani. Mtu alitakiwa ajitokeze athibitishe kwamba kiwanja ni chake yeye binafsi. Wakilindini na wenzao walikuwa na madai ya pamoja, ya taifa, juu ya ardhi ya upande wa magharibi wa kisiwa, ambayo thamani yake ilikuwa imepanda ghafla kwa sababu ya reli. Madai ya pamoja hayakuenda mbali. Ardhi iliyozunguka bandari mpya ikaishia mikononi mwa serikali na mwa waliokuwa na pesa na wanasheria. Leo tunapolia kuhusu maskwota Mombasa, mzizi mmoja uko hapo, nyuma ya zaidi ya karne.

Makao makuu ya nchi nayo yakahamia Nairobi mwaka 1905. Mji wa bandari ukawa unaamuliwa na mji wa reli. Mpaka leo.

Gatini

Aliyepata kazi Kilindini alikuwa hamali, na aliajiriwa kwa siku. Asubuhi unajitokeza, unachaguliwa, jioni unalipwa. Wadigo wa upande wa Likoni walivuka wakafanya siku kadhaa, wakarudi shambani kwao. Wakoloni walichukia sana utaratibu huo. Si kwamba walimhurumia kibarua. Kilichowakera ni kwamba mtu mwenye shamba hawezi kutishwa na njaa. Kisha wakaja watu wengi wa bara, Waluo, Wakikuyu, Wakamba na wengineo, ambao hawakuwa na shamba la kurudia jioni. Hao walipanga vyumba mtaa wa Majengo, na kodi ya chumba haikungoja meli.

Vita vya pili vikaongeza moto. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, kikosi cha mashariki cha jeshi la majini la Uingereza kilihamishia kituo chake Kilindini. Kazi ikajaa, watu wakajaa, bei za vyakula na vyumba zikapaa. Mshahara ukabaki palepale.

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Wafanyakazi kama 15,000 waligoma: wa gati, wa reli, wa mahoteli, hadi watumishi wa majumbani. Walikusanyika kwenye uwanja karibu na Majengo, wakauita Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo uliposhika nguvu muungano wao chini ya Chege Kibachia, ambao haukubagua kazi wala kabila. Mgomo ulichukua karibu wiki mbili, mpaka Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kuwasihi warudi kwa ahadi kwamba madai yao yatasikilizwa. Nyongeza ilipatikana. Agosti mwaka huohuo Kibachia akakamatwa, akapelekwa kizuizini mbali huko Baringo kwa miaka mingi.

Naomba vijana wa Mombasa mlijue jina hilo. Wakenya husimulia uhuru kana kwamba ulianzia msituni kwa Mau Mau na mahakama ya Kapenguria iliyomhukumu Kenyatta peke yake. Wafanyakazi wa bandari waliufunga uchumi wa koloni zima, na Uganda nayo, bila kushika silaha, miaka mitano kabla ya hali ya hatari kutangazwa. Waliweza kwa sababu walisimama mahali pembamba, pale njia ya bara inapokutana na maji. Mgomo mwingine mkubwa wa gatini ulikuja Machi 1955, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kijana bado, alijijengea jina katika mazungumzo ya kuumaliza.

Mwambao na uhuru

Kuna ndugu kaniandikia pembeni ananiuliza: "Mbona Mombasa haikuwa ya Kenya?"

Ndugu yangu, kisheria ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar mpaka 1963. Waingereza walimlipa pauni 17,000 kwa mwaka kwa makubaliano ya 1895. Uhuru ulipokaribia, wapo watu wa pwani waliotaka ukanda huo ujitenge au ujitawale, ndiyo siasa ya Mwambao. Wapo wengine wa pwani hiyohiyo, hasa Mijikenda wengi, walioikataa kwa sababu waliona ni kurudishwa chini ya mabwana wa zamani. Sitaki kuufanya mjadala huo kuwa mwepesi, kila upande ulikuwa na hofu ya kweli.

Lakini kilichoamua ni gati. Kenya ya bara isingekubali bandari yake pekee kubwa iwe nchi ya wengine, na Uganda isingependa mzigo wake uvuke mpaka mmoja zaidi. Oktoba 1963 yalitiwa sahihi makubaliano: Sultani akaachia ukanda, Kenya ikaahidi kulinda makadhi na hati za ardhi za watu wa pwani. Desemba bendera ikapandishwa.

Baada ya hapo bandari zote za Afrika Mashariki ziliendeshwa pamoja. Shirika la Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na makao makuu Dar es Salaam, na hili huwashangaza vijana wa pande zote mbili wanaotukanana humu: miaka ile Mombasa iliendeshwa kutoka Dar. Jumuiya ilipovunjika 1977, Kenya ikaunda Mamlaka ya Bandari, KPA, Januari 1978. Mwaka huohuo bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi likaanza kazi.

Zama za malori

Sasa tufike ninapopajua kwa macho yangu.

Reli ya zamani ilizeeka. Vichwa vya treni vilikufa, mataruma yakalegea, na kufikia miaka ya 2000 ilikuwa inabeba sehemu ndogo mno ya mzigo. Nafasi yake ikachukuliwa na lori. Na lori, wakuu, lilifanya kitu ambacho reli haikufanya: lilirudisha mikono mingi njiani.

Fuata kontena moja la mwaka 2010. Meli inangoja nje, rubani wa bandari anapanda, matishari ya kuvuta yanaisogeza mpaka gati la Kipevu. Kreni inashusha. Wakala wa forodha anashughulikia karatasi, na chini yake kuna vijana wa kukimbiza hati, hao wenye mafaili kwapani kutoka ofisi ya meli hadi forodha hadi benki. Kwa kuwa yadi ya bandari imejaa, kontena linapelekwa yadi ya nje, zile CFS zilizojipanga Changamwe, Miritini hadi Jomvu. Huko kuna wakaguzi, madereva wa foko, makarani, walinzi, mahamali wa kufungua na kupakia upya. Kisha lori linapakia, linatiwa lakiri, linaondoka.

Dereva hajatoka mjini bado. Gereji ya Changamwe inakaza boli za gurudumu. Kijana wa tairi ana kompresa yake chini ya mwembe. Mama wa chapati na maharage anamjua kwa jina, anamjua na utiboi wake, yule msaidizi wa lori, na anajua nani analipa leo na nani atalipa akirudi kutoka Kampala. Lojing'i, duka la spea, fundi umeme, muuza kadi za simu. Halafu mizani ya Mariakani, na pale ni mji mzima uliozaliwa na foleni. Barabara inaendelea hivyo Voi, Mtito Andei, Salgaa, mpaka Malaba.

Njia hii ina ubaya wake: ajali, rushwa, magonjwa, barabara kuchakaa, msongamano wa kutisha. Sikatai hata moja. Ila ukiulizwa pesa ya bandari ilikuwa inaonekana wapi kwa mtu asiye na digrii, ilionekana hapo.

Na njia ikikatika? Tuliliona Januari 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilifunga barabara, na reli ikang'olewa kule Kibera. Bandarini mzigo ukarundikana. Uganda na Rwanda zikakosa mafuta ndani ya siku chache. Wafanyabiashara wa nchi hizo walijifunza kitu mwezi ule na hawajakisahau: usitegemee mlango mmoja.

SGR

Tarehe 31 Mei 2017 treni mpya ya abiria ilizinduliwa, kilomita 472 hivi kutoka Mombasa hadi Nairobi. Ya mizigo ikaanza Januari 2018. Pesa kubwa ilitoka Benki ya Exim ya Uchina kwa mkopo, na tangu 2013 kila bidhaa inayoingizwa nchini ilikuwa inatozwa ushuru wa reli.

Watu wengi walidhani mvutano ulikuwa wa treni na wenye malori. Ukweli uko kwenye mkataba. Mwaka 2014 KPA na Shirika la Reli walikubaliana kwamba bandari itaihakikishia reli kiwango fulani cha mzigo ili mkopo ulipike. Kiwango kisipofikiwa, bandari ifidie. Ukishafunga mkataba wa namna hiyo, mwagizaji hawezi tena kuachiwa achague. Lazima mzigo upandishwe treni.

Ndiyo maana kontena za Nairobi zikaanza kupakiwa treni moja kwa moja kutoka gatini hadi Embakasi, na forodha ikakamilishwa huko. Agosti 2019 likaja agizo kwamba mizigo yote inayoagizwa, ya Nairobi na hata ya kupita kwenda nje, ipande reli.

Rudini kwenye kontena langu la 2010 mkate mkono mmoja baada ya mwingine. Wakala alihamishia ofisi Nairobi au alifunga. Yadi za Miritini zilibaki tupu na kupunguza watu. Lori liliegeshwa, utiboi akarudi kwao, gereji ikakosa kazi. Mama wa chapati hakuandikiwa barua ya kuachishwa kazi, alikosa wateja tu. Meli hazikupungua. Mapato ya serikali bandarini hayakupungua. Kilichoondoka ni ile pesa iliyokuwa inadondoka njiani, na ndiyo pekee iliyokuwa inafika mtaani.

Watu wakaandamana kila Jumatatu, na serikali ikalegeza agizo. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema utaratibu wa kuitoa zabuni ya reli hiyo ulikiuka sheria, ingawa wakati huo treni ilikuwa imeshakimbia miaka mitatu. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto akatangaza kwamba kazi ya forodha na nyingine za kutoa mzigo zinarudi Mombasa.

Zimerudi, ndiyo, na treni bado inabeba mzigo mwingi, na sidhani kwamba ingefaa isibebe. Reli ni njia salama kuliko foleni ya malori usiku Salgaa. Ninachopinga ni kuipanga njia kwenye meza ambayo hakuna mtu wa Changamwe aliyeketi. Walipoamua kiwango cha mzigo wa reli, walipaswa palepale kuamua yadi za Miritini zitafanya kazi gani: kufungasha chai, kukata na kusindika, kuunganisha mashine, chochote kile. Dongo Kundu, ng'ambo ya kusini, kumetengwa eneo maalumu la viwanda na barabara ya kuunganisha imeshajengwa. Ingetangulia hiyo, halafu treni.

Majibu kwa waliouliza

Mkuu uliyeuliza kama Dar itaimaliza Mombasa: haitaimaliza, kwa sababu hazigombei mteja mmoja kwa kiasi mnachodhani. Karibu theluthi mbili ya mzigo wetu wa kupita ni wa Uganda, na Uganda kijiografia ni ya njia hii. Dar ina Zambia na shaba ya Kongo, ambazo sisi hatuzigusi. Rwanda ndiyo tuliyoipoteza kwa kiasi kikubwa, maana kwake Dar ni karibu zaidi na vituo vya njiani ni vichache. Burundi hivyohivyo. Tanzania ikikamilisha reli yake ya kisasa hadi ziwani na hadi mpaka wa Burundi, vuta nikuvute itakuwa mashariki ya Kongo, na hapo nitakaa kimya niangalie. Ombi langu kwenu ndugu zangu wa Tanzania ni moja: tazameni leo Ubungo hadi Kibaha hadi Chalinze, na wale wote wanaoishi kwa malori. Waulizeni viongozi wenu watu hao wamepangiwa nini. Sisi tulichelewa kuuliza.

Dada uliyetaka kujua zaidi ya kontena Mombasa kuna nini: kuna mnada wa chai. Ulihamishiwa hapa kutoka Nairobi mwaka 1969, na unauza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na nchi nyingine za jirani. Ni moja ya minada mikubwa zaidi ya chai duniani. Pita Shimanzi uone maghala, harufu ya majani makavu inakupokea kabla ya lango. Masikini ya Mungu, chai nyingi inaondoka ikiwa kwenye magunia ya jumla na kwenda kupakiwa pakiti za kupendeza nchi nyingine. Kulikuwa pia na kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe, kilichoanza 1963. Kilisimamisha usafishaji 2013, na sasa tunaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Matangi yake yanatumika kuhifadhia. Saruji iko Bamburi tangu miaka ya 1950. Na utalii, lakini huo una wachambuzi wengi humu.

Aliyesema wanaopata kazi za bandari ni watu wa bara tu: naelewa uchungu wako, na malalamiko hayo ni ya miaka mingi. Ila usisahau mwaka 1947 Mdigo na Mluo walikaa uwanja mmoja Majengo, na ndiyo sababu walisikilizwa. Gati la kisasa linaendeshwa na kreni na kompyuta. Hata kazi zote za ndani ya geti wangepewa wenyeji watupu, zisingetosha mji wenye zaidi ya watu milioni moja. Kazi zilizo nyingi ziko nje ya geti, na za nje ya geti ndizo zinazofutwa kwa sahihi moja.

Na kwa aliyeniuliza kama Lamu itatuua: gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Maji yake ni marefu, gati ni nzuri. Tafuta barabara ya nyuma yake, utajibiwa kwa nini meli bado ni chache.

Nina ombi kwa wenye wazazi au babu waliofanya kazi Kilindini miaka ya 1940 na 50. Wengi wao wameshatangulia, waliobaki wana umri mkubwa. Waulizeni walivyochaguliwa asubuhi, walilipwa kiasi gani kwa zamu, walikula wapi, na walikuwa upande gani mgomo wa 1947 au wa 1955. Mwenye kadi ya zamani ya chama cha wafanyakazi, picha ya gati, hata kitambulisho cha kibarua, akipiga picha aiweke hapa chini. Mimi nitazikusanya kwa mpangilio wa miaka na kuuhuisha uzi huu kila zikipatikana.